Kondoo Kumi na Watano wa Kila Boma

Nyinyi walimu wadogo mnaokuja kwangu na vitabu vyenu vipya, mkiniuliza tulikuwa tunafundishaje watoto kufikiri, mnanisumbua kichwa. Sisemi mna makosa. Kuuliza si ujinga. Lakini huyu mnayemuuliza amekula vumbi la chaki maisha yake yote, na hilo swali mpaka leo halijamkaa vizuri. Kuna siku naamka nikiwa na hakika kwamba niliwafundisha. Siku nyingine naamka nikidhani wao walikuwa wanafikiri tangu zamani, mimi nikiwasumbua tu. Acha niwaambie ninachokumbuka, halafu muamue wenyewe, maana mimi nimeshindwa. Na niwaambie mapema, kuna mtoto mmoja aliyetolewa shuleni kwangu kwa sababu yangu. Anaitwa Chebet.

Nilianzia shule ya shamba, huko juu ya Elburgon, miaka ya hamsini. Shamba lilikuwa la mzungu wa pareto na ng'ombe wa maziwa. Watu walimwita Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake. Mimi natoka Maragoli, nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja tu wa chuo cha ualimu, na baridi ya huko nusura initoe roho. Darasa lilijengwa kwa zile mbao za pembeni zenye maganda ambazo mashine za mbao hazizitaki. Upepo wa milima ya Mau ulikuwa unaingia upande mmoja na kutokea wa pili bila kubisha hodi. Watoto walikuwa wa kila kabila, Wakipsigis wengi, Wakisii, Wajaluo, Waluhya wawili watatu. Wakikuyu walikuwa wameondolewa mashambani kwa sababu ya ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni, na madawati yao yalibaki hivyo hivyo, hakuna aliyetaka kukaa hapo. Tulifundishana kwa Kiswahili cha kuungaunga, na tulielewana.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Ezekieli, mzee wa miguu mirefu aliyejua kuchapa mtoto na kumchekesha kwa pigo moja. Yeye ndiye aliyenionyesha mchezo wa mkebe. Unachukua mkebe wa majani chai, unaweka kitu ndani, unafunga. Mkebe unazunguka darasani. Mtoto anautikisa, anaunusa, anaupima kwa mkono, halafu lazima aseme vitu viwili: nimesikia nini, na kwa hivyo nadhani ni nini. Asiposema cha kwanza, cha pili hakihesabiwi. Hata akipata jawabu kamili, kama hana sababu, anakaa chini bila alama. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko mpira. Siku yangu ya kwanza kuuongoza niliweka kinyonga. Nilidhani nimeleta jambo la maana. Mkebe ulipofunguliwa, darasa zima lilitokea dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa dogo.

Ezekieli alinifundisha pia kunyamaza. Ukishauliza swali, alisema, kunja vidole vyako kimoja kimoja, polepole, mpaka mkono uwe ngumi. Usiseme neno. Mwalimu mgeni anaogopa kimya, anajijibu mwenyewe. Na mtoto wa kwanza akijibu vizuri, usimwambie vizuri, kwa sababu ukisema tu hivyo mikono mingine yote inashuka. Sema "ehe," halafu mtazame mwingine. Hilo nawapa bure, nendeni mkalitumie kesho.

Mchezo wa mkebe tuliupeleka katika kila somo. Katika jiografia tulisimamisha fimbo uwanjani, watoto wakaweka mawe kivuli kilipofika, na baada ya wiki wangeweza kukuambia saa bila saa. Mimi ndiye niliyejuta. Asubuhi moja nimefika natembea na heshima zangu, kijana mmoja wa Kisii akasimama wima akasema ameona kivuli kimepita jiwe la kengele, na ameona mwalimu ndio anaingia langoni, kwa hivyo anadhani mwalimu amechelewa. Sababu alikuwa nazo mbili. Ungefanya nini? Nilimpa alama.

Katika somo la dini mambo yalikwenda mrama zaidi. Mtoto alitaka kujua kama Kaini aliogopa watu watakaomwona huko alikokimbilia, hao watu walitoka wapi ikiwa nyumbani kwao walikuwa wamebaki baba na mama tu. Nikakunja vidole mpaka ngumi ikaniuma, hakuna jibu lililokuja. Katekista alisikia habari hiyo Jumapili, na kwa mwezi mzima alinisalimia akitazama pembeni.

Halafu kuna yule baba aliyekuja na rungu. Nilikuwa nimewafundisha watoto kupingana kwa adabu, mtu aseme, "Mimi sioni hivyo, kwa sababu hii na hii." Darasani ilipendeza sana. Sikufikiria kwamba mtoto ataibeba mpaka nyumbani, aiweke mbele ya babake wakati wa kula, juu ya habari ya ng'ombe. Mzee alifika amefura, akaniuliza kama mshahara ninalipwa ili mwanawe amkatalie chakulani. Ezekieli alimkalisha, akampa chai, akamwambia mwalimu huyu bado mbichi. Nilikasirika kuitwa mbichi. Sasa nikikumbuka naona alinisitiri.

Basi tuje kwa Chebet.

Alikuwa darasa la nne, msichana mwembamba wa Kikipsigis, mwenye kusikiliza kwa kichwa kuinama upande mmoja. Shule yetu iliishia hapo darasa la nne. Ukipita mtihani unakwenda shule ya bweni, upande wa Kericho, na wasichana waliofika huko kutoka shambani kwetu walikuwa hawajatokea bado. Babake, Mzee Arap Too, mkamuaji wa ng'ombe wa Kofia, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba akipita atampeleka. Nilimwuliza karo ataitoa wapi. Akacheka, akasema hiyo iko kwa miguu minne, inakula nyasi. Mimi nikacheka pia. Sikuuliza zaidi.

Sasa nawaambia kitu ambacho kila mtu shambani alikijua isipokuwa mimi. Wale walioishi kwenye shamba la mzungu waliweka kidole kwenye karatasi ya mkataba, na karatasi ilisema kila boma lisizidi kondoo kumi na watano. Akizidi mmoja, ni taabu. Watu walikuwa nao zaidi. Waliwagawa, wakawaficha kwa jirani, wakawachunga kando ya msitu. Mimi sikuweka kidole kwenye karatasi hiyo, nilikuwa mwalimu, nalala nyumba ya bati, napewa maziwa kutoka jikoni kwa mzungu. Nani angeniambia? Na mimi niliyefundisha watoto kuuliza usiku na mchana, hilo sikuliuliza.

Ezekieli alihamishiwa Subukia mwanzo wa mwaka huo, nikaachiwa shule. Habari ikaja kwamba mkaguzi anakuja, na akiridhika, tutaongezewa darasa la tano. Nikaingiwa na kiherehere. Chuoni walikuwa wametuonyesha jinsi ya kuchora hesabu ikawa mistari, mstari mrefu kwa kikubwa, mfupi kwa kidogo, ili mtoto atazame na kufikiri kwa nini huu umeushinda ule. Tulikuwa tumejaribu kwa siku za mvua, tukibandika punje za mahindi kwa uji mzito, lakini panya walikuja wakala mwezi wa nne wote. Nikasema safari hii nitafanya kitu kinachowahusu watoto wenyewe. Nikawaambia: jioni mkifika nyumbani, tazameni kondoo wa kwenu. Kwa kila kondoo, chukua punje moja ya mahindi. Kesho tutaona ukutani.

Kesho yake nikazunguka na sahani. Mtoto wa kwanza, punje kumi na tano. Wa pili, kumi na tano. Wa tatu, hivyo hivyo. Nilipofika kwa Otieno, mtoto wa dereva wa trekta, ambaye babake hakuwa na hata kuku, naye akanimwagia kumi na tano bila kupepesa macho. Kichwa kikanizunguka. Nikarudia kuhesabu, nikadhani macho yangu yana kasoro. Nikawauliza mmewezaje kuwa sawa wote. Kimya. Nikakunja vidole vya mkono wa kulia, nikakunja vya kushoto. Kimya. Nikaona nimepata jibu: wameigana. Wamekaa njiani wakagawana punje ili wasijisumbue kutazama. Nikachukua fimbo nikawapanga mstari, nikawachapa viboko viwili viwili, na hakuna hata mmoja aliyelia au kujitetea. Hilo nalo lingenifunza kitu kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Chebet alikuwa wa mwisho kwenye mstari, bado sijamfikia. Alikuwa ameshika kumi na tano mkononi. Lakini niliona pindo la gauni lake limefungwa fundo, na fundo limevimba.

Nikamwambia, kwa ile sauti nzuri tunayoitumia tukitaka mtoto atuamini, kwamba hapa darasani tunaandika tulichokiona kwa macho yetu, si walichoandika wengine. Nikamwambia mwanafunzi wa kwenda bweni ni yule anayesema kweli hata akiwa peke yake. Akatazama wenzake, na msichana aliyekuwa karibu naye akatikisa kichwa kidogo. Niliuona huo mtikiso. Nilidhani anamwonea wivu.

Akafungua fundo. Zilikuwa punje thelathini na moja.

Nilimwuliza ana hakika gani kuwa ni thelathini na moja. Akaniambia kwao kondoo hawahesabiwi, si vizuri kuhesabu kitu chenye uhai kwa kukinyooshea kidole. Anawajua tu. Akazipanga punje mezani moja moja, huyu wa shingo nyeusi, huyu mama yake, huyu aliyevunjika pembe, huyu aliyezaliwa wakati wa mvua ya mawe. Punje zilipoisha na kondoo wakaisha. Hesabu safi namna hiyo sijaona tena maishani mwangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimetoka kuchapa watoto. Nilimpa kumi juu ya kumi, nikabandika punje zake ukutani, na mstari wake ukapanda mpaka karibu na boriti, ile mingine yote ikiwa imesimama sawasawa chini yake kama ua wa miti uliokatwa kwa makasi.

Nikawauliza darasa: kwa nini mstari wa Chebet umepita mingine? Hakuna mkono. Watoto walewale walionikaba kwa habari ya Kaini walikuwa wanatazama miguu yao. Nikaona kazi yote ya Ezekieli imeharibika mikononi mwangu, na nikasikitika kwa ajili ya jambo lisilo sahihi kabisa.

Mkaguzi alikuja Ijumaa, na Kofia alikuja naye, kwa sababu shule ilikuwa kwenye shamba lake na alipenda wageni waione. Mkaguzi alifurahi. Alitazama mkebe, akatazama fimbo ya kivuli, akapiga picha ya ukuta. Akataka kujua mistari hiyo ni ya nini. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamweleza. Nikasema kila mstari ni boma moja, kila punje ni kondoo mmoja, na watoto wameiona kwa macho yao. Nikaonyesha mstari mrefu, nikamtaja baba wa mtoto, maana nilidhani namtafutia Chebet jina kwa wakubwa.

Kofia alisogea mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye punje ya chini kabisa, akapanda nacho moja moja mpaka juu. Nilimwona midomo ikicheza. Nilidhani naye amependa mchezo.

Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa limesimama. Sikuwa nimewaambia wasimame.

Jumamosi asubuhi nyapara alifika kwa Arap Too na askari wa shamba. Walipeleka kondoo kumi na sita kwenye zizi la mzungu, na familia ikapewa mpaka Jumatatu iwe imetoka. Nilipata habari kutoka kwa mama aliyeniletea maziwa. Aliniambia kila kitu, karatasi ya kidole, idadi, kwamba wale wa ziada walikuwa karo ya Chebet, na alinieleza polepole, jinsi unavyomweleza mtu mgonjwa. Aliweka chupa mlangoni akaondoka bila kuaga. Nikabaki nimesimama na maneno hayo yasiyopangika kichwani. Nilizikumbuka zile kumi na tano za Otieno. Baba hana kondoo, mtoto ameleta kumi na tano. Hakujua afiche nini, akaamua kuficha pamoja na wenzake.

Nikaenda kwao. Nilikuwa na hotuba yangu, niliipanga njia nzima, na nilipofika hata sentensi ya kwanza sikuipata. Mzee Arap Too alikuwa anafunga vyombo kwa kamba za ngozi. Alinipa kiti na chai. Mjue hilo, alinipa kiti mimi, halafu akaendelea kufunga. Hakunitukana. Nilisema nitakwenda kwa Kofia niseme nimekosea hesabu, ni kosa la mwalimu. Akasema Kofia tayari amewaona kondoo wenyewe, sasa nitasema macho yake nayo yamekosea? Alisema wanarudi upande wa ndugu zake, na huko ataona.

Chebet alitoka ndani amebeba chungu. Akakiweka chini, akasimama mbele yangu mikono nyuma, jinsi anavyosimama darasani.

"Mwalimu, jibu langu lilikuwa kweli?"

Nikamwambia lilikuwa kweli.

"Na la wale wengine?"

Hapo nikakwama. Ningesema halikuwa kweli, na lilikuwa ndilo lililowahifadhi watu. Ningesema lilikuwa kweli, na nilikuwa nimewachapa. Alingoja, kwa adabu, alingoja kama vile mimi ndiye mtoto na yeye anakunja vidole. Halafu mama yake akamwita, akachukua chungu akaenda. Chai niliyopewa ikanimwagikia miguuni. Sikumwona tena. Watu walisema wako Bomet, wengine wakasema Sotik. Kama alisoma, sijui. Niliuliza miaka mingi, na watu wa upande ule wakisikia mwalimu anauliza habari za familia ya mtu, wanakuwa hawajui chochote, na sasa sikuwa na haki ya kuwalaumu.

Mnaona nilivyochanganyikiwa? Nilidhani kufikiri ni kusema kweli na sababu yake. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Wale watoto walitazama swali, wakatazama anayeuliza, wakafikiria jibu litafika kwa nani baada yake, wakakubaliana njiani bila mkubwa yeyote kuwaambia. Mimi ningewapa nini zaidi ya hapo? Lakini nikisema hivyo, namwona Chebet akipanga punje zake mezani, kondoo mmoja mmoja kwa sura yake, na siwezi kusema yeye ndiye aliyekosea. Yeye alimwamini mwalimu. Nisemeje, kwamba hilo ni kosa? Basi mtoto aje shuleni kufanya nini?

Jumatatu nilibandua punje zote ukutani kabla watoto hawajaingia. Darasa la tano tulipewa, mkaguzi aliandika vizuri sana juu yetu. Walipokaa, nilisimama mbele yao nikawaambia nimefanya kosa. Niliwaambia siku ile niliwachapa bure, na kwamba najua sasa sababu ya kumi na tano. Nikasema hakuna atakayeandika kitu, hakuna atakayesikia, mlango nimefunga. Nilitaka tu waniambie wenyewe walivyofikiri, mmoja baada ya mwingine, ili angalau wajue kwamba walifikiri vizuri na kwamba mimi nimewaelewa.

Nikakaa, nikangoja.

Otieno akasimama wa kwanza. Alinitazama usoni, bila woga na bila dharau, macho yake yametulia kabisa.

"Nilihesabu vibaya, mwalimu."

Akakaa. Msichana wa nyuma yake akasimama akasema amehesabu vibaya. Kisha yule kijana wa Kisii. Kisha mwingine. Walisimama safu kwa safu mpaka dawati la mwisho, kila mmoja kwa zamu yake, wote wamehesabu vibaya, na mimi nimekaa pale mbele nikiitikia, "Ehe. Ehe. Ehe."